Nimekosa Ndege

2 Februari

Mdogo wangu Nukta,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa binti yenu. Natumaini mgongo wa wifi umetulia, na kwamba binti bado anafaulu hesabu, maana katika ukoo wetu sijui hizo hesabu kazitoa wapi. Mimi ni mzima. Safari hii nimepanga chumba juu ya duka la miwani, katika mji ulio kando ya mto mpana, na kuanzia asubuhi hadi saa tisa natengeneza meno ya bandia kwa daktari mmoja mwenye haraka. Kazi haikosekani. Dunia nzima watu wanang'oka meno, ndiyo maana nimeweza kuizunguka.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Chama chetu cha watazama ndege kinataka orodha kamili ya kila mwanachama aliyevuka ndege elfu tatu. Iwe imepigwa chapa vizuri: namba, jina la ndege, tarehe na mahali alipoonwa. Ifike kabla Septemba haijaisha. Hakuna anayeulizwa shahidi. Ukisema umemwona, umemwona, na ukidanganya shauri yako na roho yako. Mimi ninao elfu tatu mia moja na kumi na sita, kwa miaka ishirini na nane ya kutembea. Wote wamo kwenye madaftari yangu thelathini na moja, ndani ya lile sanduku la bati lililo uvunguni mwa kitanda chako.

Nisingekusumbua, lakini mikono yangu imeanza kutetemeka. Wiki iliyopita nilimtengenezea mzee mmoja jino la mbele likakaa upande, akaniambia sasa anafanana na kaka yake asiyempenda. Wewe ndiye msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, na jicho lako linakamata nukta iliyopotea katika ukurasa mzima. Nipigie chapa orodha yangu. Ila nakuomba kitu kimoja: soma namba, jina, tarehe na mahali, basi. Mengine niliyoandika pembeni ni yangu mwenyewe. Yapite.

Orodha ikishatoka narudi nyumbani moja kwa moja, mwezi wa kumi na moja. Ulisema chumba cha uani ni changu, nami nimeshika neno lako. Nina miaka sitini na miwili na nimechoka kulala juu ya maduka ya watu.

Dada yako,
Shingo


1 Machi

Dada Shingo,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta natoka kazini, nikaisomea mlangoni huku nimevaa kiatu kimoja. Sisi wazima. Mgongo wa wifi yako umetulia tangu tulipobadilisha godoro. Binti kafaulu hesabu tena, na tunashuku alibadilishwa hospitalini. Kazini tunachapa kadi za kliniki na majalada ya madaftari ya shule. Yule mwenzangu wa mezani, anayenisomea kwa sauti wakati mimi nafuata prufu, ile nakala ya majaribio, kwa kalamu, kapata meno mapya, na sasa kila akifika kwenye herufi s inatoka firimbi. Juzi alisoma "sisi sote tusimame" watu wakageuka kutafuta refa.

Dada, nimeshtuka. Nimeshtuka mpaka wifi yako kaniletea maji. Najua ulisema niyapite, lakini jicho langu halikufundishwa kupita tu, na madaftari yako si orodha ya ndege, ni mashtaka. Nilizitoa na barua zako zote ulizotutumia tangu uondoke, nikaziweka kando ya madaftari, wiki kwa wiki.

Daftari la tano. Barua ya wiki hiyo inasema: "Hali ya hewa nzuri, nimepumzika siku tatu." Daftari linasema: "Siku tatu rumande. Wanadhani darubini yangu ni ya kupeleleza kambi. Dirishani mbayuwayu wawili, nilishawaona zamani, hawahesabiki."

Rumande! Na mbayuwayu hawahesabiki!

Daftari la tisa. Barua: "Nimenunua viatu vipya." Daftari: "Nyoka kang'ata soli. Namba 871 alikuwa juu ya tawi, sikuinua mguu mpaka nilipomaliza kumwangalia." Hapo niliinuka nikazunguka nyumba.

Daftari la kumi na mbili ndilo limemmaliza wifi yako. "Mlinzi wa mnara wa taa kaniuliza tena kama nitaolewa naye. Ana paka wanne. Nimekataa." Kwenye barua hakuna hata herufi moja. Tulikaribia kupata shemeji, dada, na sisi tuko hapa tunakuandikia habari za mgongo na godoro.

Mama alikupa jina la Shingo kwa sababu ulikuwa unatembea umetazama juu hadi unajigonga kwenye milango. Angejua ulikuwa unakanyaga nini chini, angekuita jina jingine. Usidhani nakulaumu. Nacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Nimefika namba 1,240. Wifi yako anauliza chumba chako kipakwe bluu au rangi ya maziwa.

Mdogo wako,
Nukta


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ewe usiyeambilika. Mpe wifi pole ya mshtuko, na mwambie chumba kipakwe rangi ya maziwa. Binti mwambie shangazi yake anamletea kalamu yenye wino wa rangi tatu.

Kumbe umesoma! Nilijua. Nilipofunga bahasha nilijisemea, huyu akipita mstari bila kuusoma ataugua. Basi hayo ya rumande yabaki ndani ya nyumba, mjomba asiyasikie. Na mlinzi wa taa alikuwa mtu mzuri sana, ana sauti nzuri na anajua kunyamaza. Paka ndio walioharibu. Mmoja alinijia asubuhi na ndege mdomoni, ndege yule yule niliyekuwa namtafuta wiki mbili, bado ana joto. Nikamshika mkononi, nikayahesabu hata manyoya ya mkia. Sikumwandika. Aliyekufa hahesabiki, hiyo ndiyo sheria. Nikamtazama paka, nikamtazama mwanamume, nikafunga mzigo.

Jambo moja la kazi. Daftari la kumi na tisa liliingia maji, kurasa zake za katikati zimeshikana. Usijisumbue kuzibandua, utazichana bure. Nimekuandikia kwenye karatasi hii nyingine ndege wote wa kurasa hizo, kuanzia 1,897 hadi 1,910, pamoja na tarehe zao. Piga chapa kutoka hapo, uende moja kwa moja daftari la ishirini.

Mikono ile ile. Daktari wangu kaanza kunipa meno ya nyuma tu, yasiyoonekana mtu akicheka. Nimemwelewa.

Dada yako,
Shingo


26 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kiwandani kwetu hakuna kinachochapwa mpaka nakala ilinganishwe na andiko la mkono. Hata kadi ya kliniki yenye maneno sita. Wewe unalijua hilo, nimekusimulia mara mia. Sasa sielewi ulidhani nitafanya nini na karatasi yako. Niliishika mkono wa kushoto, daftari la kumi na tisa nikalishika mkono wa kulia, kwa mazoea tu, bila ubaya wowote moyoni.

Kurasa hazijashikana. Halijaingia maji hata tone.

Karatasi yako inasema ndege namba 1,902 ulimwona tarehe 21 Juni. Daftari linasema 12 Juni. Nilidhani umekosea, umegeuza tarakimu, kosa la kila siku hilo. Nikachukua kalamu nisahihishe. Halafu nikaona mwaka.

Tarehe 12 Juni ya mwaka ule tulimzika mama.

Nakuandikia maneno yako kama yalivyo, sijaongeza wala kupunguza:

"9 Juni. Telegramu ya Nukta. Mama mahututi. Nafasi ipo ndege ya kesho saa nne asubuhi."

"10 Juni. Kinamasini tangu alfajiri. Kaita mara mbili, hakutoka kwenye matete. Nimemkosa."

"11 Juni. Kinamasini."

"12 Juni. Namba 1,902. Katoka saa moja na robo asubuhi. Kifua cha rangi ya kutu, miguu mirefu. Dakika mbili nzima. Nimekaa kwenye tope nikalia."

Nimesoma mara ishirini. Nimesoma kutoka chini kwenda juu, kama tunavyosoma prufu ngumu ili maana isitudanganye. Maana haibadiliki. Wifi yako aliniita chakulani, nikabaki na daftari mkononi.

Telegramu uliyotujibu bado ninayo kwenye droo, tarehe 10 Juni: NIMEKOSA NDEGE. NAKUJA. SAMAHANI. Ukaja baada ya wiki, ukalia kaburini mpaka tukakushika. Miaka tisa nawaambia watu dada yangu alikosa ndege. Mjomba alipokusema mbele ya ukoo mzima nilisimama, mimi nisiyesimama mbele ya watu, nikamwambia ulikimbia uwanja mzima na mzigo kichwani ukaiona ndege ikipaa. Huko kukimbia nilikutilia chumvi mimi mwenyewe, kwa mapenzi.

Ndege gani, dada? Kwenye telegramu umesema nimekosa ndege. Kwenye daftari umesema nimemkosa. Ndege ya abiria haipewi m.

Orodha imefika 1,901. Hapo nimeacha nafasi wazi.

Nukta


2 Mei

Mdogo wangu Nukta,

Salamu kwenu nyote. Barua yako sijaipata bado, posta ya huku inatembea kwa magoti, ila nimeshindwa kusubiri. Leo nimefurahi na sina wa kumwambia, mwenye duka la miwani hajui tofauti ya mwewe na kuku.

Nimemwona mdiria wa mto huu! Yule mwenye mgongo wa zambarau niliyekuja kumfuata. Alikaa juu ya kamba ya kuanikia nguo, Nukta, uani kwa kinyozi, baada ya mimi kumtafuta wiki kumi mtoni kwa boti. Kinyozi alinikuta nimesimama na kitambaa chake shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nimetoka nje nalia. Akadhani kanikata. Basi huyo awe wa mwisho, namba 3,117, nimejiwekea nadhiri. Sina haja ya mwingine.

Mama angependa hiyo ya kamba ya nguo. Yeye ndiye aliyenianzisha, unakumbuka, alikuwa anaanika nguo huku ananiambia "tazama juu, huyo nani?" na mwenyewe hajui jina la hata mmoja.

Nimemnunulia wifi shali. Nawaza kitanda kikae upande gani. Kama dirisha la chumba cha uani linatazama ule ukuta wa jirani si neno, ukutani nako hutua ndege. Orodha imefika wapi? Ile karatasi ya daftari la kumi na tisa umeitumia?

Dada yako anayekuja,
Shingo


12 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Barua yako ya Aprili nimeipata, nimeisoma.

Huku mvua imezidi na mto umepanda hadi ngazi ya pili ya soko. Daktari kasafiri, kaniachia plasta za taya ishirini na mbili nizipangie meno mwenyewe, na mikono hii. Nimepata njia ya kuegemeza kiwiko kwenye meza ndipo mkono utulie, kwa hiyo kazi inakwenda. Mwenye duka la miwani kanipima macho, anasema yako vizuri kuliko ya binti yake. Shali ya wifi nimeifunga vizuri na karatasi isiingie nondo.

Hilo la daftari la kumi na tisa ni jambo la zamani, tutaliongea nikija, uso kwa uso, si la kuandikiana. Kama unaona tarehe ya daftari ndiyo sahihi, weka ya daftari. Siwezi kubishana nawe juu ya usahihi. Muhimu orodha isichelewe.

Binti atakuwa amefunga shule sasa. Msalimieni.

Dada yako,
Shingo


5 Julai

Dada,

Shikamoo naiandika kwa sababu mkono umeizoea.

Barua yako ina mvua, soko, taya, macho, shali na nondo. Mama hayumo. Na tarehe uliyoweka juu yake umeiona? Umekaa siku hiyo hiyo, ukaandika ukurasa mzima, ukampita kama mbayuwayu wako wa dirishani.

Ndani ya madaftari nilikukuta una nyoka mguuni na askari mlangoni, nikasema, dada yangu haogopi kitu. Sasa nakuuliza swali lenye herufi moja na unanikimbia. Unanipiga chenga mimi, Nukta, niliyekutetea mbele ya mjomba!

Sitaki maelezo. Sitaki uso kwa uso. Nataka herufi: m au i. Ulimkosa, au uliikosa?

Mpaka nijue, sipigi chapa hata namba moja. Na chumba cha uani tumekifunga. Wifi yako kalia kwa sababu yake, na anasema nisikuandikie hili, lakini naandika: usije.

Nukta


30 Julai

M.

Ni m, Nukta. Nilimkosa ndege wa kinamasi. Ile ndege nyingine ilikuwepo, na nafasi yangu ilikuwepo, na mzigo wangu ulikuwa umefungwa mlangoni tangu jana yake. Alfajiri nikajiambia niende kinamasini saa moja tu, halafu nipitilize uwanjani. Saa moja ikawa mbili. Saa nne na dakika chache nikasikia mngurumo, nikainua kichwa, nikaona tumbo lake likipita juu ya matete. Niliitazama mpaka ikaisha. Halafu nikakaa chini tena.

Usifikiri nilimtaka yule ndege kuliko mama. Ungekuwa uchoyo ningekuwa nimeshausema, uchoyo wangu wote mnaujua. Niliogopa. Umesema siogopi kitu, nimecheka peke yangu hapa, cheko baya. Nyoka unamwona, unajua kaanza wapi na kaishia wapi. Lakini mama, aliyekuwa akiniambia tazama juu, nimkute kalala anatazama ukuta, ananitazama na hanijui? Nilishindwa. Pale kwenye tope alikuwa bado mzima, anaanika nguo. Nikajidanganya kwamba nikimwona yule ndege kwanza, nitapata nguvu ya kuja. Ndiyo sababu ya siku tatu.

Mchana wa tarehe 10 nikaenda posta. Karani akanipa fomu, kalamu imefungwa kwa uzi. Nikaandika NIMEKOSA NDEGE. Ilikuwa kweli, mdogo wangu, kila herufi. Nikaisoma, nikaona utakavyoisoma wewe. Nikamrudishia karani. Nilikutegemea uisome hivyo. Wewe unayekamata makosa ya dunia nzima, hilo moja nililiomba lipite, likapita miaka tisa.

Nilipoona kwenye barua yako "haipewi m", niliketi ngazini. Mwenye duka alinikokota hadi kwenye kiti chake cha kupimia macho. Na ile karatasi ya tarehe za uongo ndiyo inayonitia aibu kuliko yote. Miaka ishirini na nane sijaandika ndege nisiyemwona, halafu nikamwongopea tarehe huyu mmoja.

Mfute. Namba 1,902 ifutwe, wanaofuata wasogee. Au ichome orodha yote, sawa tu. Na sitakuja, nimekusikia. Mwenye duka la miwani ananiachia chumba hadi nitakapotaka.

Lakini nijibu kitu nami. Kila mwaka nakuuliza mama alisema nini, na kila mwaka unaniandikia "alilala tu." Ulimsomea telegramu yangu? Alisema nini?

Shingo


16 Septemba

Dada Shingo,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu, na binti anasema shangazi asisahau kalamu ya rangi tatu. Mgongo hausumbui. Mjomba kavunjika kidole cha mguu kwa kumpiga teke mbuzi wa jirani, yuko nyumbani kalaza mguu juu ya mto, anatukana vizuri, kwa hiyo atapona.

Barua yako ilikaa mfukoni mwa koti langu wiki tatu. Nilikuwa nimekata shauri nisikujibu. Hasira ninayo bado, usidhani imeyeyuka. Utakapofika utaikuta, tutagombana kwenye ule uwanja wa ndege mbele ya watu, na umejiandaa au hujajiandaa hainihusu. Wewe hukuja. Nilimwosha uso mama mwenyewe, siku nne, peke yangu na wifi yako.

Ila orodha nimeituma juzi. Ndege 3,117, na 1,902 yumo, tarehe 12 Juni, jina lake na kinamasi chake. Kwa nini sikumfuta, nakwambia sasa, na ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia ningemwambia yeye kwanza, nipate mazoezi.

Jumanne iliyopita ililetwa mezani prufu ya jalada la daftari la shule. Picha ya ndege juu ya tawi, na chini maneno: "Ndege imesimama mtini." Mwenzangu akasoma kwa firimbi zake zote. Mimi nikaikata ile i, nikaandika a pembeni. Kazi ya sekunde mbili, nimeifanya miaka thelathini. Kalamu ikanidondoka. Mwenzangu alidhani ni kiharusi, akanimwagia chai, basi ndicho alichokuwa nacho. Nilikuwa nimekumbuka kwamba herufi hiyo nilishawahi kumsahihisha mtu, na hakuwa ameiandika. Aliitamka.

Umeniuliza mama alisema nini. Nimekudanganya, dada. Miaka tisa, na mimi ndiye ninayekudai ukweli. Hakulala tu. Aliongea, akanipa na ujumbe nikufikishie, nami nikauzuia. Nilitoka chumbani nikamwambia muuguzi kwamba mama ameanza kuweweseka. Alfajiri akafariki, hakusema kingine. Nikaona bora nikwambie alilala, usije ukajua kwamba mwishoni alikuwa anaropoka mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Nilidhani nakuhurumia.

Ilikuwa hivi. Tarehe 10, jioni, nilimsomea telegramu yako. Wifi yako alikuwa jikoni anachemsha maji. Mama kafumba macho, nikadhani hasikii. Akaniuliza, "Amemkosa?"

Nikamwambia, "Ameikosa, mama. Ndege ya abiria. Hatusemi amemkosa."

Akafumbua macho. Alinitazama, dada, alinijua kabisa, na angekujua na wewe. Akasema, "Haya, Nukta." Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Halafu akasema, "Mwambie asiondoke huko mpaka amwone."

Mdogo wako,
Nukta